Hatua Ishirini na Mbili kutoka Mlango wa Kanisa

Majirani zangu wa Kalangalala hapa Geita, mliikuta karakana yangu imefungwa siku nne, na siku ya tano mkanikuta nina vidole vilivyochubuka. Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, nami nimemjibu kila mmoja kipande tu. Sasa nasikia vipande hivyo vimeunganishwa vibaya, na kuna anayesema nimeokota dhahabu Shinyanga. Kwa hiyo naandika yote mara moja, kwa mpangilio. Habari za barua, mihuri na vibali nimeziacha. Vilipatikana, na havina utamu wowote.

Kabla ya kuondoka

Mnanijua kwa jina la Doto, fundi wa mizani, na mama ninayeishi naye mnamwita Mama Doto. Katika nchi yetu hakuna Doto asiye na Kulwa aliyemtangulia kutoka tumboni. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza Kulwa wangu yuko wapi, na kwa adabu hiyo nawashukuru.

Kulwa alikufa tukiwa na umri wa miezi minne. Tulikuwa tunaharisha wote wawili, na mama alitupeleka hospitali Shinyanga. Mimi nilipona. Yeye alizikwa katika kiwanja cha kanisa fulani huko mji wa zamani, bila msalaba wala jiwe, na mama akarudi na mtoto mmoja mgongoni. Nyumbani kwetu hilo halikuzungumzwa.

Jumatatu ile alikuja mteja kutoka Shinyanga na mizani yake iliyogoma. Wakati namsafishia visu vya mizani, zile kingo kali ambazo mkono wake huegemea, akasimulia kwamba kanisa moja kuukuu karibu na hekalu la Wahindi linapanuliwa. Waliozika ndugu zao pale wametakiwa kufika na kuonyesha makaburi kabla ya Jumamosi jioni. Jumatatu inayofuata katapila linaingia, na mifupa isiyo na mwenyewe itakusanywa kwenye kaburi moja. Mama alikuwa nyuma ya pazia akipepeta mchele. Nikasikia ungo umenyamaza.

Usiku huo hakula. Asubuhi akaniita.

"Doto, nenda kaniletee mwanangu. Nataka nilazwe naye."

Mama amevuka miaka themanini, na moyo wake hauendi sawa. Nikachukua daftari na kumuuliza kanisa gani.

"Jina sijui. Sikuwa nasoma. Lilikuwa karibu na nyumba ya mungu wa Wahindi. Wahindi walikuwa na kengele. Kanisa halikuwa na kengele, waligonga chuma. Nilitoka mlangoni nikaelekea kengele inakolia, hatua ishirini na mbili. Ndipo yupo."

"Mama, hesabu hiyo umeikumbuka zaidi ya miaka hamsini?"

"Wewe ungesahau?"

Niliandika: *hatua 22*. Kisha nikaingia uani, nikatembea hatua ishirini na mbili, nikapima kwa futi kamba. Hatua yangu moja ni sentimita sabini na sita, kwa hiyo zote ni mita kumi na sita na sentimita sabini na mbili. Nilifurahi kwamba nina namba. Kumbukeni furaha hiyo, tutairudia.

Kalangalala hadi Kahama

Niliondoka Jumatano alfajiri. Nilipanga kufika Shinyanga siku hiyohiyo saa tisa alasiri, na ratiba nilikuwa nimeiandika kwa kalamu. Kufikia saa nne asubuhi haikuwa na maana tena. Basi lilipasuka tairi kabla ya Bukoli, na la akiba likakutwa halina upepo. Tulikaa chini ya jua saa tatu na nusu. Wengine walilala, wengine walinunua mahindi ya kuchoma kwa akina mama waliotokea kana kwamba walijua tairi letu litapasuka pale. Mimi nilizunguka basi. Abiria mmoja mwenye kofia ya manyoya akaniambia, "Mzee, hata ukilizunguka mara saba halijai upepo." Watu wakacheka. Nami nilicheka, lakini nilikuwa nahesabu: Jumatano inakwenda, imebaki Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi.

Tuliingia Kahama magari ya Shinyanga yameshaondoka. Nilipata chumba karibu na stendi, nikaenda kula. Wali wa Kahama hauhitaji sifa kutoka kwangu. Ulikuja na maharage na samaki wa kukaanga, na sikuweza kuumaliza. Mezani nilikaa na mfanyabiashara wa mchele, Mwislamu mwenye kanzu safi, mtu wa maneno mengi. Aliniona nimeweka futi kamba na daftari kando ya sahani, akauliza kama ni mtu wa ardhi. Nikamwambia kweli tupu, kwamba nakwenda kupima kiwanja cha kanisa la zamani mjini Shinyanga.

Aliacha kutafuna.

"Sheikh wangu, hicho kitu kiweke ndani ya begi."

"Kwa nini?"

"Jengo la kale, mtu mgeni, futi kamba, daftari. Watu watasema nini? Mali ya Mjerumani! Watu wa huku kazi yao kuchimba. Ukiwaonyesha mahali pa kuanzia, umewafanyia nusu ya kazi."

Nilimwambia watu wazima hawaamini tena hadithi za vyungu vya rupia vilivyofukiwa na Wajerumani. Akanitazama kwa huruma. "Mimi mwenyewe shemeji yangu kabomoa jiko lake," akasema, "na hakuna Mjerumani aliyewahi kupika pale."

Nilicheka kwa mara ya pili siku hiyo. Ile futi kamba sikuiweka ndani ya begi.

Kahama hadi Shinyanga

Sehemu hii ni fupi kwa sababu gari halikuharibika. Tulipita Buzwagi jua likichomoza. Vilima vya udongo wa mgodi vilikuwa bapa juu kama meza, na watu ndani ya gari wakageuza shingo kuvitazama. Isaka tulisimama kupakia magunia. Tinde nilinunua michembe, vile viazi vilivyokaushwa, nikavitafuna hadi mjini kwa sababu mdomo ulihitaji kazi. Ilikuwa Alhamisi saa tatu asubuhi nilipoteremka.

Hekalu

Nilianza na hekalu kwa kuwa ndilo alama mama aliyokuwa na hakika nayo. Lipo katika mitaa ya zamani upande wa stesheni ya reli, kati ya maduka yenye vibaraza virefu na milango ya mbao ya kukunja. Mitaa hiyo nimesoma juu yake kwa miaka, katika vitabu vya mitumba, lakini sikuwahi kuikanyaga nikiwa mtu mzima. Maghala ya pamba yamekuwa maduka ya vipuri. Hekalu lenyewe limepakwa rangi nyeupe na waridi, lina mnara mdogo wenye ncha, na juu ya mlango kuna maandishi ya Kigujarati nisiyoweza kuyasoma. Kengele ya shaba inaning'inia mlangoni, na kila anayeingia huigusa.

Aliyefungua hakuwa Mhindi. Alikuwa mama wa Kisukuma, mfupi, wa miaka kama sitini, mwenye ufagio mkononi.

"Mwangaluka," akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayo."

"Viatu hapo. Kuomba au kutazama?"

"Kuuliza."

"Kuuliza hakuna saa maalumu. Kaa."

Akajitambulisha kuwa ni Mama Shija, mtunzaji wa hekalu, kazi aliyoirithi kwa mama yake. Kwetu Shija ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Mwanamke anayeitwa Mama Shija hahitaji kuelezwa Kulwa na Doto ni nani. Nikamweleza safari yangu tangu mwanzo, naye akasikiliza huku akifagia palepale ambapo alikwisha kufagia.

"Mapacha wako, wote wako hai?" nikamuuliza.

"Kulwa yupo Mwanza, dereva. Doto tulimzika." Akaweka ufagio chini. "Na wa mama yako alizikwa na chungu?"

Sikuelewa swali.

"Pacha," akasema, kama mtu anayemfundisha mgeni kula. "Kwa koo nyingi za kwetu pacha mchanga hafunikwi udongo hivihivi. Anawekwa ndani ya chungu, kinafunikwa, ndipo kinafukiwa. Na haliliwi. Ukimlilia, anamwita mwenzake amfuate. Anatukanwa, anaimbiwa matani, hasira zimwishe. Mama yako alimweka ndani ya chungu?"

"Alizikwa kanisani, mama. Katekista alikuwepo."

"Katekista ana mambo yake, na mama wa mapacha ana yake. Mpigie simu."

Nilimpigia mama pale barazani. Nikalitamka neno *chungu*.

"Nani kakwambia?" akauliza.

"Mama mmoja wa hapa. Ana Shija."

"Ah." Kisha akasema taratibu: "Nilikinunua sokoni. Nilimwambia katekista ni cha maji. Alipokwenda kuchukua kitabu chake nikamweka mtoto ndani, nikafunika na kigae, nikakishusha shimoni. Aliporudi akakuta nimeshasukumia udongo, akasali. Nilimdanganya mtumishi wa Mungu ndani ya kiwanja chake. Ndiyo maana sijawahi kukwambia."

Basi sasa nilikuwa natafuta chungu kilichofukiwa katika kiwanja cha kanisa la kale. Nikamkumbuka yule mtu wa mchele, na ile meza ya wali.

Makanisa mawili

Karibu na hekalu yapo makanisa mawili ya zamani. La kwanza ni zuri kuliko la pili. Lina kuta nene za mawe, madirisha marefu yenye tao, na sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa hadi inaonyesha sura ya mtu. Lakini lina mnara, na ndani ya mnara mna kengele ya siku nyingi, mdomo wake umelika. Nilimuuliza mlinzi kama kengele hiyo ililetwa karibuni. Akasema babu yake aliikuta. Mama alisema kanisa halikuwa na kengele, kwa hiyo nikalishukuru jengo lile nikaondoka. Nilitumia dakika arobaini pale, na nakiri kwamba kumi kati ya hizo nilikuwa natazama tu matao ya madirisha. Siku nyingine zingekuwa saa tatu.

La pili ni dogo, la matofali ya kuchoma, bati limeshika kutu. Mbele yake kuna mti wa mkaratusi, na kwenye tawi la mti kimefungwa kipande cha reli kwa mnyororo ulioanza kumezwa na gome. Niliokota jiwe nikakigonga mara moja. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia.

"Nani anaita ibada Alhamisi?"

Aliyeuliza alikuwa mzee wa kanisa, Mzee Luhende, mwalimu mstaafu, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikamweleza. Kuhusu chungu sikusema. Alinionea huruma, akanionyesha kiwanja. Matofali mapya yamerundikwa upande mmoja, mchanga upande mwingine, na kati yake majani makavu. Familia sita zilikuwa zimeshachukua watu wao. Vibarua wanne walikuwa wakichimba msingi wa uzio. Mmoja wao, kijana mpana wa mabega anayeitwa Masanja, alikuwa amevaa zile buti za mpira za wachimbaji, na alinitazama tangu nilipotoa futi kamba hadi nilipoirudisha.

Nilisimama kwenye mlango mkubwa. Nikasubiri hadi kengele ya hekalu ilipolia, nikachukua mwelekeo. Nikapima mita kumi na sita na sentimita sabini na mbili, nikasimika kigingi. Kuzunguka kigingi hicho nikasimika vingine vinne, umbali wa mita moja kila upande, kwa ajili ya makosa madogo. Vyote niliviandika namba.

"Profesa!" Masanja akaita. "Unapima nini na kaburi halionekani?"

"Napima alipo ndugu yangu."

"Ndugu yako alikuwa Mjerumani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mwacheni Mjerumani mweusi, atatukatia na sisi." Mzee Luhende akawakemea. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na yeye alitaka kazi ya kuchimba ifanyike asubuhi kwa sala. Nikakubali. Niliviacha vigingi vitano vimesimama kiwanjani, na kila kimoja kina namba.

Mashimo matano

Ijumaa nilifika saa moja asubuhi na jembe jipya. Kulikuwa na watu kama ishirini wamesimama, na Mzee Luhende katikati yao. Penye vigingi vyangu vyote palikuwa na mashimo. La katikati lilifika kifuani. Udongo ulitupwa ovyo, kama unavyotupwa na watu wenye haraka kabla hakujapambazuka vizuri.

Nilitazama ndani ya kila shimo nikitafuta vigae. Nilipiga magoti nikachambua udongo kwa mikono, na hapo ndipo vidole vilipochubuka.

"Wewe mtu," Mzee Luhende akasema, "nilikupokea kama mwenye msiba. Kumbe umeleta wachimba rupia katika nyumba ya Bwana!"

"Mzee wangu, mimi pia wamenichimbia."

"Wamechimba ulipowaonyesha! Namba umewaandikia, moja hadi tano! Chukua vifaa vyako uondoke. Kiwanja nakifunga leo, Jumatatu katapila lifanye kazi yake."

Masanja alikuwa amekaa juu ya rundo la matofali, buti zake zimejaa udongo mpya, wala hakujisumbua kuzificha. "Profesa, vipimo vyako vya uongo," akasema. "Tumechimba hadi mwamba. Hata kokoto ya maana hakuna."

Ni maneno yale yaliyonizindua. Kama walikuwa wamefika kwenye mwamba bila kukuta chungu, basi chungu hakikuwa pale, na namba yangu ilikuwa na kosa. Mimi, ambaye hupima mizani za watu hadi sehemu ya mia ya gramu.

Nilimwomba mzee nusu saa. Hakutaka. Aliyenisaidia ni Mama Shija, aliyesikia kelele kutoka hekaluni akaja na kanga yake ya kazi. Alinivuta pembeni nikamweleza, naye akauliza swali moja.

"Hizo hatua ni za nani?"

"Za mama."

"Ulipima miguu ya nani?"

Nilimpigia mama simu. Nilimuuliza alikuwa na urefu gani siku zile, na alitembeaje.

"Nilitembea kama mtu mwenye chungu kifuani na mtoto mgongoni," akasema. "Chungu kilikuwa kizito tayari. Nilikuwa nimeshamlaza ndani pale mlangoni, katekista alipogeuka kufuata kitabu. Na wewe ulikuwa unalia, mwanangu, ulikuwa unapiga mateke."

Mama Shija alikwenda hekaluni akarudi na chungu cha maji, kimejaa. Alikikumbatia kifuani. Akaniagiza nimfunge mgongoni, kwa kanga, begi langu lenye vyuma vya kazi. Akasimama kwenye mlango mkubwa. Watu waliokuwa wakipiga kelele walitupisha njia, hata Mzee Luhende. Kutoka hekaluni kengele ikalia, mtu ameingia kuomba. Mama Shija akaanza kutembea, miguu mifupi, maji yakimwagika kidogo kifuani, nami nyuma yake nikihesabu kwa sauti.

Ishirini na mbili iliishia mbele ya rundo la matofali. Mguu wake wa kulia uligusa tofali. Nilipima: mita tisa na sentimita tisini.

Masanja alikuwa bado amekaa juu yake.

Chungu

Kuhamisha matofali kulichukua saa moja. Mzee Luhende alikuwa wa kwanza kuinama. Alikunja mikono ya shati lake la kifungo cha shingoni akabeba mawili mawili. Masanja na wenzake walisaidia pia, kwa sababu zao. Umati uliongezeka. Nilisikia neno *chungu* likipita mdomo hadi mdomo, maana watu walikuwa wamenisikia nikizungumza kwenye simu. Mtu wa bodaboda alizima pikipiki yake akapanda juu ya ukuta. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku zote tatu. Nilijua sasa kwamba tutampata, na nilijua pia mbele ya nani.

"Aliye hai ndiye amtoe mwenzake," Mama Shija akasema. Nikachimba peke yangu, kwa jembe hadi kwenye magoti, kisha kwa mikono. Kigae kilikuja kwanza. Chini yake ulikuwa mdomo wa chungu, mzima, mweusi, hauna hata ufa.

Umati ulivuma. "Kipo! Kipo!"

"Fungua tuone!" mtu akapaza sauti. Mwingine akasema, "Kigawanywe hapahapa!" Mzee Luhende alikuwa ameelewa yote kwa wakati mmoja, kuhusu chungu na kuhusu mama yangu. Alinitazama, nami nikangoja anihukumu. Akasema tu, "Kifunike, Doto. Nenda naye."

Lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu nyingine. Ningekifunika, ningekipakia kwenye gari, na kati ya Shinyanga na Geita kungekuwa na watu wanaojua kwamba mzee mmoja amebeba chungu kutoka kanisa la Mjerumani. Kingevunjwa njiani, na labda nami pamoja nacho.

"Masanja," nikaita. "Njoo utazame."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mchimbaji. Njoo."

Alishuka shimoni. Nikakiinua kigae. Aliinama, kivuli chake kikafunika mdomo wa chungu, ikabidi ajisogeze ili mwanga uingie. Alitazama muda ambao sikuupima. Alipoinuka alikuwa amevua kofia.

"Oya!" wenzake wakamwita. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu," Masanja akasema. Kisha akajirekebisha, kwa sauti kubwa, hadi yule wa ukutani akasikia: "Siyo mali. Ni mtu. Ni mtoto, jamani. Tokeni hapa."

Walianza kuondoka mmoja mmoja. Bodaboda ikawaka. Nilihisi machozi yanakuja, na Mama Shija akanipiga bega kwa nguvu.

"Haliliwi! Unataka akuchukue?" Akamgeukia aliye ndani ya chungu, mikono kiunoni. "Kulwa, wee mchoyo! Miaka yote umelala bure, mwenzako anachoka kutengeneza mizani za watu! Mvivu mkubwa! Hata meno hukuota!"

Mzee Luhende alishtuka kidogo, akatazama kanisa, akatutazama sisi. Kisha akakohoa na kusema kwa sauti ndogo, kama anayejaribu kiatu kipya: "Ni kweli. Mvivu."

Masanja ndiye aliyefukia mashimo yote matano. Hakuna aliyemwagiza.

Kurudi

Tulirudi Jumamosi. Nilimkatia Kulwa siti yake, chungu kikakaa ndani ya boksi lililojazwa nyasi, mdomo wake ukichungulia, nami nimelizungushia mkono. Kuanzia Tinde mtu mmoja alikuwa akilitazama boksi bila kupepesa. Nililala jicho moja hadi Kahama. Tulipofika akaniinamia sikioni: "Mzee, hivyo vyungu unavitoa wapi? Nami nauza." Nikamwambia kipo kimoja tu.

Niliingia nyumbani jua linashuka. Mama alikuwa mlangoni amevaa vitenge vyake vizuri. Alikigusa chungu pande zote kama anayekagua anachonunua, akasema, "Ndicho." Nikatoa futi kamba ili tuchague mahali. Akanirudishia mkononi.

Alianza kutembea mwenyewe kutoka mlangoni, na fimbo yake, kuelekea nyuma ya nyumba, nami nikamfuata na chungu kifuani. Sikuhesabu. Aliposimama, akaonyesha chini kwa fimbo, kisha akaonyesha kando yake.

"Yeye hapa. Mimi hapo."

Tulikuwa bado tunashindilia udongo jirani yetu alipobisha hodi. Ni mmoja wenu, anajijua.

"Hodi, Mama Doto!"

Mama aliegemea fimbo, akapumua, akageuka kuelekea sauti inakotoka.

"Karibu," akaitikia. "Ila mimi ni Mama Kulwa."

Nawaomba basi, mkipita, mwiteni hivyo.